Saa Iliyomo Ndani ya Modeli

Hotuba kwa wanafunzi wa uhandisi, takwimu na kompyuta, Dar es Salaam. Imeandikwa upya kwa ajili ya wasomaji. Vicheko na maswali ya katikati vimepunguzwa.

Mwenyekiti, walimu wangu, wageni waalikwa, na nyinyi vijana mliobanana kule nyuma: shikamooni mnaostahili shikamoo, na wengine habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie lugha za programu na zana za uigaji wa kompyuta, yaani kukiiga kitu halisi ndani ya programu. Swali mlilokuja nalo nalijua, maana ndilo ninaloulizwa kila nikimaliza kipindi: "Mwalimu, nijifunze lugha gani? Python, MATLAB, Julia au R?" Mtu anauliza kama anayechagua laini ya simu, ipi ina bando la nafuu. Leo nitalijibu, ila nitaanzia mbali kidogo. Kabla hujaniuliza lugha, niambie: ndani ya modeli yako, saa inakwendaje?

Kila modeli ya kitu kinachobadilika ina saa yake, na saa hiyo haina uhusiano na hii ya ukutani. Iko saa inayoruka. Iko inayotembea kwa hatua sawa. Iko ambayo wewe huioni kabisa kwa sababu zana uliyonunua imeificha, na hiyo ndiyo ya kuogopwa kuliko zote. Lugha nyingi za uigaji zilizaliwa kwa sababu mtu fulani alichoka kuisukuma saa hiyo kwa mkono.

Tuanze na inayoruka. Chukueni mizani ya magari makubwa, kama zile za barabara ya Morogoro. Malori yanafika, mabasi yanafika, yanapanga foleni, moja linapanda, linapimwa, linashuka. Ukitazama sekunde kwa sekunde, muda mwingi hakuna kinachotokea: lori limesimama juu ya mizani, dereva anachezea simu, utingo ananunua korosho. Kompyuta ikikokotoa kila sekunde ya namna hiyo inafanya kazi bure. Kwa hiyo wenye fani huweka orodha ya matukio yajayo. Saa 2:14 lori linafika. Saa 2:15 basi linashuka. Programu inachukua tukio lililo karibu zaidi, inaisogeza saa mpaka hapo kwa mkupuo mmoja, inafanya kinachotakiwa, inaingiza kwenye orodha matukio mapya yaliyozaliwa na hilo, kisha inachukua linalofuata. Kati ya tukio na tukio, kwa modeli, hakuna muda uliopita.

Mwaka 1961 Geoffrey Gordon wa IBM alitoa GPSS, lugha iliyofuata mtindo huo. Mizani yetu ndani ya GPSS ni karibu amri saba tu: GENERATE, QUEUE, SEIZE, DEPART, ADVANCE, RELEASE, TERMINATE. Zisomeni kwa mfuatano mtaiona safari nzima ya lori. Linatokea, linaingia foleni, linaishika mizani, linahesabiwa kuwa limetoka foleni, linakaa muda wa kupimwa, linaiachia mizani, linakwenda zake. Mhandisi asiyejua kuandika programu aliweza kuusoma ukurasa ule. Kipindi hichohicho, pale RAND, taasisi ya utafiti kule California, Harry Markowitz na wenzake walitengeneza SIMSCRIPT. Markowitz ndiye huyohuyo aliyepewa Nobel ya uchumi mwaka 1990 kwa kazi yake ya kugawanya uwekezaji. Wanafunzi wa fedha mnamfahamu kwa hilo, na wengi wenu hamkujua kwamba aliwahi kuunda lugha ya programu.

Lakini mahali ninapotaka tukae kidogo ni Oslo.

Kristen Nygaard na Ole-Johan Dahl walifanya kazi katika Kituo cha Kompyuta cha Norway. Nygaard alianza na hesabu za kinu cha kwanza cha nyuklia cha nchi yake, kazi ya kubahatisha mienendo ya nyutroni kwa namba za nasibu, na hapo mwanzo ilifanywa kwa mkono. Baadaye akaingia kwenye utafiti wa shughuli: foleni, viwanda, usafirishaji. Akaona kwamba kila tatizo linampa kazi ileile ya kuandika upya orodha ya matukio, saa na foleni. Akamtafuta Dahl, ambaye alikuwa fundi wa kompaila, yaani programu zinazotafsiri msimbo uwe lugha ya mashine. Lugha yao, Simula, ilianza kufanya kazi mwanzoni mwa 1965 kwenye mashine ya UNIVAC 1107.

Walichofanya tofauti na Gordon ni hiki. Katika Simula, kila lori lina programu yake. Lori lenyewe linasema: nafika, naingia foleni, nasubiri zamu, napimwa dakika moja, naondoka. Mizani nayo ina programu yake: kama foleni ni tupu, lala, kama kuna gari, amka, lihudumie. Programu hizi zote zinaishi pamoja, moja inasimama ili nyingine iendelee, na kila moja inakumbuka ilipoishia. Amri ya kusimama ilikuwa fupi mno: ukiandika hold(20), unaiambia saa ya modeli, "nirudie baada ya vipande 20 vya muda." Basi.

Sasa likaja tatizo la foleni yenyewe. Mfano uliokuwa mezani kwao mwishoni mwa 1966 na mwanzoni mwa 1967 ulikuwa kibanda cha ushuru darajani, na foleni ya magari, mengine malori, mengine mabasi. Foleni haijali gari ni la aina gani. Inachotaka ni kujua nani yuko mbele ya nani. Ila kibanda kinajali, kwa sababu lori lina tani na basi lina abiria. Uandike foleni mbili? Uandike msimbo uleule mara mbili? Jibu lao likawa kwamba lori na basi ni aina za gari, na gari ni aina ya kitu kinachoweza kukaa foleni; kila ngazi inarithi ya juu yake na kuongeza ya kwake. Mei 1967 wakawasilisha makala kuhusu klasi na klasi ndogo, yaani aina hizo zinazorithiana, katika mkutano uliofanyika Lysebu, jirani na Oslo.

Nyinyi wa mwaka wa pili mnaotoka jasho na urithi wa klasi kwenye Java, jueni ulikotoka. Ulitoka kwenye foleni ya malori na mabasi. Mdenmark mmoja, Bjarne Stroustrup, aliitumia Simula alipokuwa anasomea udaktari Cambridge, akiiga mfumo wa kompyuta nyingi zinazoshirikiana. Aliupenda mtindo wake wa kufikiri, lakini programu ilipokua ikawa nzito isiyotembea, ikambidi aiandike upya kwa lugha ya BCPL. Mwaka 1979, akiwa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, akaanza kuitia C klasi za Simula, na ndivyo tulivyopata C++. Dahl na Nygaard walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001. Wote wawili walifariki majira ya joto ya 2002, wakipishana kwa wiki sita hivi. Nygaard, kwa wapenda siasa, ndiye aliyeongoza kampeni ya Wanorway kukataa kujiunga na Umoja wa Ulaya, na akashinda mwaka 1994. Watu wa kompyuta si wote wanaojifungia ndani.

Leo hakuna haja ya kuitafuta Simula. Kuna SimPy, maktaba ya Python iliyoanza mwaka 2002 ikichukua mawazo ya Simula 67 na SIMSCRIPT. Palipokuwa na hold pana yield env.timeout. Ukiisoma SimPy kwa makini utaona ile Oslo ya 1967 imevaa nguo za kisasa.

Sasa tuiendeshe mizani yetu. Namba nitakazotoa ni za darasani, si za kituo chochote. Tuseme mizani inaweza kupima wastani wa magari 60 kwa saa, na magari 50 yanafika kwa saa, ufikaji na upimaji vyote vikiwa vya nasibu kwa ule mgawanyo wa exponential uliozoeleka katika vitabu vya foleni. Gari litasubiri dakika ngapi kwenye foleni kabla ya kupanda? Wastani ni dakika 5. Magari yakiwa 57 kwa saa, mizani bado ina nafasi, sivyo? Bado ni chini ya 60. Kusubiri kunafika dakika 19. Yakiwa 59, ni dakika 59. Magari yameongezeka chini ya moja ya tano, na muda wa kusubiri umeongezeka karibu mara kumi na mbili. Meneja anayetazama wastani peke yake atakwambia, "Mizani inatosha, inapima 60 na yanayokuja ni 59." Dereva aliyekaa pale juani hakubaliani naye, na dereva ndiye mwenye hesabu sahihi.

Majibu hayo matatu sikuyapata kwenye kompyuta. Yametoka kwenye kanuni ya foleni, elimu aliyoianzisha Agner Krarup Erlang, mtu wa kampuni ya simu ya Copenhagen, aliyechapisha kazi yake ya kwanza kuhusu simu na nasibu mwaka 1909. Na hapa nasema jambo la kikazi. Kabla ya kuamini programu yako ya SimPy, ipe mizani moja ya namna hii, ambayo jibu lake tayari liko kitabuni. Ikikupa dakika 5, endelea. Ongeza mizani ya pili, ongeza mabasi yenye kipaumbele, ongeza mapumziko ya chakula cha mchana, mambo ambayo kanuni haiyawezi. Ikikupa dakika 8 na haibadiliki hata ukiiendesha kwa muda mrefu, usiongeze kitu. Kuna kosa, litafute kwanza.

Nimesema muda mrefu, na nasisitiza. Pale kwenye magari 57, ukiiendesha modeli kwa siku moja tu ya ndani, usishangae leo kupata dakika chache na kesho kupata nyingi. Foleni iliyojaa hubadilika polepole sana. Tena siku ya kwanza inaanza na foleni tupu, jambo ambalo kwenye mizani inayofanya kazi usiku na mchana halipo, kwa hiyo kipande cha mwanzo hukatwa na kutupwa. Endesha mara nyingi, kila mara kwa mbegu tofauti, yaani namba ya kuanzishia namba za nasibu, na kumbuka bei yake: ukitaka kosa lipungue nusu, mara za kuendesha lazima ziwe nne badala ya moja. Nimeona ripoti za washauri zenye grafu za rangi nne, zimetoka kwenye mwendesho mmoja. Mmoja! Ukiuliza mbegu ilikuwa ngapi, mtu anadhani unamuuliza habari za kilimo.

Mbegu iandikwe. Toleo la programu liandikwe. Mali bila daftari huisha bila habari, na matokeo ya uigaji ni mali.

Na namba zenyewe za nasibu? Miaka ya 1960 kompyuta za IBM zilikuja na kitoleo cha namba za nasibu kinachoitwa RANDU. Unachukua namba iliyotangulia, unaizidisha kwa 65,539, unabakiza salio baada ya kugawa kwa 2 kwa kipeo cha 31. Ni haraka, na ukizitazama namba moja moja zinapendeza. Ila 65,539 ni 2 kwa kipeo cha 16 ukijumlisha 3, na kwa sababu hiyo kila namba ni mara sita ya iliyotangulia, kutoa mara tisa ya iliyo nyuma yake, ukiacha salio. Maana yake, ukizichukua tatu tatu na kuzichora kama nukta angani, zote zinaangukia kwenye bapa 15 tu. Chumba kizima ni kitupu isipokuwa karatasi 15. Watu walitumia kitu hicho kwa miaka mingi. Python ya leo inatumia kitoleo cha Wajapani Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura, Mersenne Twister, na kwa kazi zenu kinatosha kabisa. Ninachowaomba ni msijitengenezee cha kwenu.

Haya, tuhamie kwenye saa inayotembea kwa hatua sawa.

Chukueni simtanki la lita 1,000 lenye bomba chini, linalovuja kwa kasi inayolingana na maji yaliyomo: kila dakika linataka kupoteza sehemu moja ya kumi ya kilichopo, mfululizo, bila kusubiri dakika iishe. Baada ya dakika 25, hesabu kamili inasema zimebaki lita 82. Kompyuta haijui mfululizo, inajua hatua. Ukiipa hatua ya dakika moja kwa njia rahisi ya kujumlisha, inatoa 900, 810, 729, na kwenye dakika ya 25 inasema lita 72. Ukiipa hatua ya sekunde sita, inasema 81. Sasa mpe hatua ya dakika 25 nzima, kwa sababu una haraka. Jibu ni lita hasi 1,500. Hatua inayofuata, 2,250. Inayofuata, hasi 3,375. Tangi linapumua kama jini. Kompyuta haikulalamika hata kidogo, haikutoa onyo, na grafu yake ni nzuri kuitazama.

Jay Forrester wa MIT aliijenga taaluma nzima juu ya matangi ya namna hii. Aliletewa na watu wa General Electric tatizo la viwanda vyao vya vifaa vya nyumbani kule Kentucky: kipindi fulani kazi zamu tatu, miaka michache baadaye nusu ya watu wanapunguzwa. Wote walilaumu soko. Forrester alichukua kalamu na daftari, akapanga safu za oda, bidhaa za ghalani na wafanyakazi, akahesabu wiki kwa wiki, akaonyesha kwamba hata oda zikiwa tulivu, taratibu za kiwanda chenyewe za kuajiri na kuagiza zinaweza kuzaa mawimbi yale. Mwaka 1958 Richard Bennett akamwandikia programu iitwayo SIMPLE ili asihesabu kwa mkono, na baada yake Phyllis Fox na Alexander Pugh wakatoa DYNAMO.

DYNAMO ilikuwa na adabu moja ninayoipenda sana. Kila jina la kiasi lilibeba herufi ya wakati: J ni hatua iliyopita, K ni sasa, L ni ijayo. Huwezi kuandika "maji" tu. Unaandika MAJI.K ni sawa na MAJI.J ukijumlisha DT, yaani urefu wa hatua ya muda, mara tofauti ya kilichoingia na kilichotoka kati ya J na K. Unalazimika kusema unazungumzia maji ya lini. Zana za leo za kuburuta kwa panya, unachora visanduku na mishale, zimeondoa herufi hizo, na DT imekwenda kujificha kwenye menyu. Ni rahisi zaidi, sikatai. Lakini nikimuuliza mwanafunzi hatua ya muda wake ni ngapi, anaanza kufungua menyu.

Kwa DYNAMO ndiyo iliyoandikwa modeli ya dunia iliyokuwa nyuma ya ripoti ya ukomo wa ukuaji ya mwaka 1972, ile iliyozua ubishi mkubwa. Ubishi ule sitauingia leo, maana tutakosa chakula cha mchana.

Watu wa hali ya hewa wamepambana na hatua kuliko wote. Mwingereza Lewis Fry Richardson, akihudumu kwenye magari ya wagonjwa kule Ufaransa wakati wa Vita vya Kwanza, alijaribu kukokotoa kwa mkono hali ya hewa ya tarehe 20 Mei 1910. Ilimtolea badiliko la mgandamizo wa hewa la milibari 145 ndani ya saa sita, ilhali siku ile hewa ilikuwa karibu imetulia. Aliyachapisha hivyohivyo, mwaka 1922, akiwa ameacha kosa wazi kila mtu alione. Chanzo kikubwa kilikuwa takwimu za kuanzia ambazo hazikuwa zimesawazishwa. Lakini hata zingekuwa safi, kulikuwa na kizuizi kingine ambacho wanahisabati Courant, Friedrichs na Lewy walikieleza mwaka 1928: ukiigawa anga kwa vyumba, hatua yako ya muda haipaswi kuzidi ule muda ambao wimbi linavuka chumba kimoja. Ukipunguza upana wa chumba nusu, lazima na hatua ipungue. Ndiyo sababu utabiri wa kata moja moja ni ghali kuliko wa mkoa mzima, na ndiyo sababu modeli za hali ya hewa kama WRF bado ziko kwa Fortran, lugha ya mwaka 1957 ambayo vijana mnaicheka. Msicheke. Kwenye kupitisha hesabu ileile juu ya mamilioni ya vyumba, bado ina mbio.

Kuna saa ya tatu, na hii ina hila. Katika modeli za wahusika, kila mtu au mbu au mfanyabiashara ni kiumbe chake chenye kanuni zake. NetLogo, ambayo Uri Wilensky aliitoa mwaka 1999, ndiyo njia nyepesi ya kuingilia. Ni ya bure na msingi wake ni Logo, lugha iliyotungwa kwa ajili ya watoto mwaka 1967. Saa inagonga, wahusika wote wanafanya jambo lao, saa inagonga tena. Lakini ndani ya pigo moja la saa, nani anaanza? Mwaka 1992 Martin Nowak na Robert May walionyesha, kwa mchezo ambao kila mmoja analipwa kulingana na anavyotendana na jirani zake, kwamba watu wanaoshirikiana na wanaodanganya, wakipangwa kama miraba ya ubao wa drafti, wanaweza kuishi pamoja huku wakichora nakshi za kupendeza kama mkeka. Mwaka uliofuata Bernardo Huberman na Natalie Glance wakachukua mchezo uleule, wakabadilisha jambo moja: badala ya wote kubadilika kwa mpigo, wakawaacha wabadilike mmoja mmoja. Nakshi zikafutika, wadanganyifu wakatawala ubao wote. Nowak na wenzake walijibu, wakaonyesha kwamba kwa malipo mengine ushirikiano unadumu hata hivyo. Sawa. Ila kwa namba zile, kilichokuwa kinaonekana kama sheria ya maisha kilitokana na mpangilio wa saa.

Hapa nyumbani tuna sehemu yetu katika hadithi hii, na ni ya malaria. Ronald Ross, baada ya kugundua kule India vimelea ndani ya mbu, aliandika mwaka 1911 modeli ya hesabu iliyosema kwamba si lazima umalize mbu wote. Ukiwapunguza chini ya kiwango fulani, ugonjwa unajizima. Karibu karne moja baadaye Taasisi ya Uswisi ya Tiba za Kitropiki na Afya ya Jamii, pamoja na washirika wake, ilijenga OpenMalaria, programu huria ya C++ inayomfuatilia kila mtu wa kijiji cha kubuni: kinga yake, idadi ya vimelea, chandarua, chanjo. Miongoni mwa vipimo vilivyotumika kuipa mwendo wa misimu ni vya Namawala, bonde la Kilombero, karibu na Ifakara. Mbu waliokamatwa pale, mvua kwa kiangazi, wamo ndani ya modeli iliyosaidia kupima kwa kompyuta mikakati ya chanjo kabla ya fedha kutumika. Na saa yake? Inagonga kila siku tano. Kwa nini tano, na si moja au thelathini? Chukueni kama zoezi. Anzieni kwenye muda ambao mbu anachukua kati ya mlo mmoja wa damu na mwingine, na mwendo wa homa mwilini, muone kila uchaguzi unaficha nini.

Kabla sijarudi kwenye swali la lugha, twende tena Norway, safari hii kwenye huzuni. Tarehe 23 Agosti 1991, kwenye ghuba ya Gandsfjord jirani na Stavanger, kitako cha zege cha jukwaa la gesi la Sleipner A kilikuwa kinashushwa majini taratibu kwa majaribio. Kilipofika kina cha mita 65 hivi, ukuta ukapasuka, maji yakaingia kuliko pampu zilivyoweza kuyatoa, kitako chote kikazama na kugonga sakafu ya bahari kwa kishindo kilichorekodiwa kama tetemeko la 3.0. Hakuna aliyekufa. Hasara ilikuwa karibu dola milioni 700.

Programu iliyotumika, NASTRAN, ilikuwa na heshima zake, imetoka NASA, na haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye wavu, yaani namna muundo ulivyokatwa vipande vidogo ili ukokotolewe. Mahali ambapo kuta tatu za zege zinakutana, palipohitaji miraba midogo na yenye umbo zuri, waliweka mikubwa iliyopinda. Matokeo yake nguvu ya mkato ilikadiriwa pungufu kwa asilimia 47, zege likawa jembamba na nondo zikawa haba. Baada ya ajali, hesabu iliyofanywa kwa uangalifu zaidi ilisema ukuta ule ungepasuka kwenye mita 62. Yaani jibu lilikuwepo, ndani ya zana zilezile. Hapa hatukuwa na hatua ya muda bali ya mahali, na kisa ni kilekile cha simtanki: ulikata vipande vikubwa kupita kiasi, mashine ikanyamaza. Mngekuwa mnapunguza ukubwa wa vipande nusu na kulinganisha majibu mawili, mngeona jibu linahama. Likihama sana, bado hujafika. Hilo jaribio halihitaji leseni wala kompyuta mpya. Linahitaji jioni moja.

Sasa lugha, nisije nikapigwa mawe. Ikiwa tatizo lako ni foleni, bandari, hospitali, mizani: Python na SimPy. Ikiwa ni matangi na mitiririko, kama akiba ya samaki, ajira au maji ya mji, anza hata kwa Excel, safu moja kwa hatua, mpaka uielewe, kisha hamia Python au R. Wahusika: NetLogo kwanza, halafu Python ukishajua unachotafuta. Mashine yenye sehemu za umeme, mota na majimaji kwa pamoja: Modelica, mtoto wa kazi aliyoianza Hilding Elmqvist kwenye tasnifu yake ya Lund mwaka 1978. Humo unaandika mlinganyo wa kila kipande jinsi ulivyo, na kompaila ndiyo inayoamua kipi kitafutwe kutokana na kipi. OpenModelica ni ya bure. MATLAB ni chombo kizuri sana na Simulink yake, ya kuchora modeli kwa visanduku, viwandani haina mpinzani wa karibu, lakini uliza leseni italipwa na nani siku ukishahitimu. GNU Octave inasoma sehemu kubwa ya msimbo uleule bila senti. Julia, iliyotangazwa 2012, ni chaguo langu kwa milinganyo mizito, na nakiri hapo ladha yangu inasema pia. Hesabu kubwa za anga na maji zitakupeleka Fortran au C++ utake usitake, kwa sababu huko ndiko kazi ya watu ilikolala.

Mtu mmoja ameniletea kikaratasi: "Laptop yangu ina RAM ya GB 4, nitaweza?" Utaweza. Foleni ya mizani kwa mwaka mzima wa ndani ni magari kama nusu milioni. SimPy inayamaliza wakati unakunywa chai, na NetLogo haitakuomba kadi ya michoro.

Mfano wa mizani niliouonyesha uko kwenye flashi hii, pitisheni. Msimbo wake haujazi skrini moja. Mbegu imeandikwa mstari wa juu kabisa, magari ni 50 kwa saa. Hakikisheni kwanza mnapata zile dakika 5, halafu ongezeni mizani ya pili na foleni moja kwa zote mbili, kisha foleni mbili tofauti, mnieleze wiki ijayo ipi inamfaa dereva.